Kanda za Ndovu Mwoga

Rafu ilikuwa tupu. Katikati ya vumbi palibaki nafasi safi, kama sahani iliyolambwa.

"Juzi zilikuwa hapa, Inspekta!" alilalamika mtunza maktaba wa kituo cha televisheni, mikono kichwani. "Miaka yote tuliamini zilifutwa. Nikazikuta kwenye rafu hii, nyuma ya makabati mabovu, nikatangazia kituo kizima. Leo, patupu!"

Zilikuwa kanda za *Ndovu Mwoga*, mchezo wa televisheni uliotokana na kitabu ambacho watoto wa zamani walisomewa kabla ya kulala. Ulikuwa urushwe upya Jumamosi. Watu wazima na akili zao walikuwa wakipiga simu kituoni kuulizia saa.

Inspekta mwenyewe alikuwa amepiga, ila hilo hakumwambia mtu.

Aliinama akachungulia kitasa. Hakikuvunjwa. Mtaalamu wa alama za vidole alitikisa kichwa: ukingo wa rafu ulikuwa umepanguswa. Mashine kuukuu, ya pekee iliyoweza kucheza kanda zile, ilikuwa palepale mezani.

"Hii inabebeka?"

"Kwapani tu, mama."

"Basi mwizi wetu ni wa humuhumu, na hakutaka kuzitazama," alisema Inspekta. "Alitaka zisitazamwe."

Alasiri alibisha hodi kwa bibi mmoja mstaafu, ambaye ndiye aliyeuandaa mchezo ule. Alimkuta bustanini akimwagilia maua.

"Kuna mtu angeaibika kanda zikionekana?"

Bibi alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Mwanangu, sote tulikuwa vichekesho! Lakini ndovu alikuwa na watu wawili ndani. Kichwa alikuwa marehemu kaka yangu. Miguu ya nyuma alikuwa kijana mwembamba kama njiti. Siku moja nyuki akaingia ndani ya vazi. Kichwa kikaenda kulia, makalio yakatimua mbio kushoto!"

"Kijana huyo yuko wapi sasa?"

"Unamwona kila jioni. Anakusomea habari."

Kituoni walimwita Sauti ya Radi. Inspekta alimkuta kwenye chumba cha vipodozi, kitambaa shingoni, poda usoni.

"Uliigiza katika *Ndovu Mwoga*?"

"Nilishiriki."

"Sehemu gani?"

"Sehemu... ya ndovu."

Inspekta aliuma mdomo asicheke. "Basi utasikitika. Tunadhani mwizi amezificha kwenye buti la gari. Kwa jua hili, zitakuwa zimeshaiva."

"Ziive vipi? Kabati langu halipigwi na ju—"

Akajiziba mdomo. Ulimi hauna mfupa, na wake ulikwisha kumponza.

"Ni wajukuu zangu," alisema hatimaye, radi yote imemtoka. "Niliwaambia babu yao alikuwa ndovu. Wakadhani kichwa, nami nikawaacha wadhani. Kisha nikaongeza chumvi. Sasa mjukuu wangu wa kike amealika darasa zima Jumamosi waje kumwona babu. Majina yakipita mwishoni, yataandikwa: Miguu ya Nyuma. Uso wangu ningeuweka wapi?"

"Ukaona bora watoto wote wamkose ndovu, kuliko wako wakucheke?"

Alivua kitambaa, akanyoosha mikono. "Nifunge pingu, Inspekta. Nastahili."

"Nilipokuwa mdogo," alisema Inspekta, "nyuki yule alinichekesha mpaka nikajikojolea. Kichwa wala sikikumbuki."

Kanda zilirudi zote, nzima. Meneja wa kituo alikubali kutofungua mashtaka, kwa sharti moja: babu awaambie wajukuu ukweli kwa mdomo wake, kabla mchezo haujaanza.

Jumamosi watoto walijaa sebuleni, wengine hadi chini ya meza. Inspekta alikaribishwa kiti karibu na mlango. Sauti ya Radi alisimama mbele ya televisheni, tai imemkaba, akakohoa.

"Wanangu, niliwadanganya. Sikuwa kichwa. Nilikuwa makalio."

Watoto waligaagaa kwa kicheko. Mjukuu wake peke yake hakucheka. Alikunja uso, akageukia televisheni, akatazama mpaka nyuki akaingia na ndovu akakatika vipande viwili. Hapo akageuka.

"Babu, kichwa kinalialia tu. Wewe ndiye unayekimbia!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akasimama, akavuta kitambaa cha meza, akajifunika nacho.

"Haya, inama huku nyuma. Kichwa mimi."