Mchanga wa Ziwa Katika Mstari wa Saba

Albert, kibarua wa shamba, alikuwa kifudifudi kati ya mistari ya pamba, kisogo kimepasuka. Inspekta Wilondja alichuchumaa, akajaribu kumfungua taya. Zimeanza kukakamaa. Mikono bado ilikunjika. Aliuawa alfajiri, kwa kisigino cha jembe.

"Muuaji tuko naye," luteni wa jeshi alisema nyuma yake. "Saa sita kamili namupeleka Baraka. We andika tu karatasi yako."

Muuaji huyo alikuwa Kagabo, mfugaji kutoka Minembwe, amefungwa kamba mikono, shati lina damu. Ilikuwa Julai 1998, mashariki mwa Kongo, vita vikinukia tena, na mfugaji wa milimani hakuhitaji kukutwa na maiti ndipo ashukiwe. Kagabo alikutwa nayo. Akishuka Baraka na askari wa luteni, hafiki mbele ya hakimu. Wilondja alilijua hilo. Ilikwisha kuwa saa nne.

"Ulifuata nini hapa alfajiri?" alimuuliza Kagabo.

"Bangombe yangu iliingia huku juzi, chef. Jana nilikuya kuomba musamaha, Albert akanisamehe. Leo nilimuletea maziwa. Nilimukuta chini. Nikamuinua kichwa, nione kama anapumua."

Kibuyu kilikuwa pale pale, maziwa yamemwagika.

"Jana alikuambia nini?"

"Alinionesha muti moja ya pamba, amefunga uzi mwekundu. Akasema, bangombe isiguse hii. Kesho namuonesha Eugène, atafurahi sana."

Eugène, msimamizi wa shamba, alikuwa amekaa pembeni akilia. Barabara yote ya Baraka hadi Fizi ilimjua. Udongo wa pale ulikuwa na kuvu inayoingia kwa mizizi na kuinyausha pamba ingali imesimama. Kabla ya vita Eugène alipata mbegu iliyoistahimili. Mwaka 1996 alikimbilia nayo Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na aliporudi aliipanda mstari wa saba. Shamba zima lilinyauka, mstari huo ukabaki kijani. Wiki ijayo familia zilizorudi kutoka ukimbizini zingegawiwa mbegu yake.

Sasa mstari wa saba wote ulikuwa umeng'olewa.

"Bangombe," Eugène alisema, akifuta macho. "Ilimaliza yote."

Wilondja aliokota shina moja. Majani yote yalikuwepo. Ng'ombe gani huyu anayeng'oa pamba na mizizi yake halafu haili? Akaingiza vidole ndani ya shimo. Juu kulikuwa na udongo mwekundu. Chini yake akatoa mchanga mweupe, na kaka mbili za konokono, ndogo kama punje za mchele.

Kutoka pale hadi ziwani ni mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Alichimba shimo la pili, la tatu. Mchanga ule ule.

"Eugène, umelima pamba miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kuvu iko wapi?"

"Mu udongo."

"Ya shamba hii?"

"Yote."

"Na huu mchanga wa ziwa, iko na kuvu?"

Eugène aliangalia mchanga ule kiganjani mwa inspekta.

"Nani aliuleta?"

Eugène aligeuza uso, akaangalia barabara.

"Angalia Kagabo. Muangalie! Saa sita anakufa juu yako."

Eugène hakuweza kumwangalia. Alifunika uso kwa viganja vyake, na maneno yakamtoka.

"Mbegu ya kweli haiko, chef. Mu ziwa, mutumbwi ilijaa maji. Mwenye mutumbwi alisema, tupa mizigo, ama tutupe batoto. Nilitupa mufuko ya mbegu. Nilirudi, batu bananikimbilia: Eugène, mbegu iko? Bamama banapiga vigelegele. Nikasema iko."

"Ukapanda mbegu yoyote kwenye mchanga safi."

"Nilisema mwaka moja tu, mupaka nipate ingine. Leo asubuhi Albert aliniita. Akasema, nimechimba mustari wa saba, najua. Kuja nikuoneshe kitu. Akageuka. Nilijua ananipeleka kwa batu, banione muongo. Nikamupiga. Halafu nikang'oa yote, baseme ni bangombe."

Luteni aliangalia saa yake, akatema mate. Kisha akamkata Kagabo kamba bila kusema pole. Wilondja alimfunga Eugène pingu, lakini hakumpeleka barabarani. Alimwongoza, Kagabo akiwaonesha njia, hadi mstari wa kumi na nne, katikati ya pamba iliyokauka.

Mmea mmoja ulikuwa umesimama pale, kijani, umefungwa uzi mwekundu.

Wilondja alikata tawi kwa kisu, akalipasua. Kwa pamba yenye ugonjwa, ndani huwa na michirizi ya kahawia. Hili lilikuwa jeupe.

"Chimba," alisema.

Eugène alipiga magoti na pingu zake, akachimba kando ya shina. Udongo mwekundu. Alichimba hadi kwenye viwiko, akitafuta mchanga. Mwekundu tu, ule ule ulioua shamba zima.

"Kumbe hii njo kitu alitaka kunionesha," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

Eugène alilia tena, na safari hii Wilondja alimwonea huruma, ingawa hakupenda kumwonea. Ilipofika saa ya kwenda, Eugène alisimama na kumtazama Kagabo usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kagabo, ndugu yangu, nakuomba. Bangombe isiguse hii."