Ujumbe wa Fundi wa Mashine

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia hospitalini kumsubiri baba yake. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa wingi wa maneno. Baba alikuwa fundi bati, na mwezi ule alikuwa akiunganisha njia za bati za kupeleka hewa baridi wodini. Chiriku alifanyia kazi za shule katika chumba cha mashine ya kupoza hewa, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

Alhamisi moja baba alitoka kwenda kuchukua skrubu. Fundi wa mashine akachungulia.

"Mwanangu, mwambie baba asipitishe bati mbele ya mlango huu wa mashine. Ndipo tunapoingilia ikiharibika."

"Nitamwambia, mjomba."

Lakini kesho yake kulikuwa na mkutano wa wazazi, na baba alikuwa ameahidi kuhudhuria akiwahi kumaliza. Kulizungusha bati kungekula siku nyingine nzima. Chiriku akameza maneno. Baba akalipitisha moja kwa moja, jioni akakusanya vifaa vyake.

Wiki tatu baadaye, bibi alibanwa na kifua akalazwa katika wodi ileile. Siku ya pili, jua likiwa la utosi, hewa ikakatika. Madirisha ya wodi yalikuwa ya vioo visivyofunguka. Chiriku alimpepea bibi kwa daftari mpaka mkono ukafa ganzi, lakini alikuwa akihamisha joto tu.

"Bibi, wanatengeneza sasa hivi."

 Nguvu zote za bibi zilikuwa kwenye kuvuta pumzi.

Chiriku akakimbilia chumba cha mashine. Fundi alikuwa amepiga magoti, mkono umekwama kwenye upenyo wa mlango.

"Ni mkanda tu umekatika," alisema. "Kazi ya dakika kumi. Ila mlango haufunguki hata upana wa kiganja."

Baba alipigiwa simu, akaja mbio, akaanza kulikata bati lake mwenyewe kwa mkasi. Saa mbili zilipita. Wauguzi walisukuma vitanda hadi ukumbini, kimoja kimoja. Chiriku alisimama katikati ya njia. Hakuwa na la kushika, na kila aliyepita alimwomba asogee.

Alasiri mkanda ulibadilishwa, tundu la bati likazibwa kwa muda, na hewa ikarudi. Jioni pumzi za bibi zikatulia, na kesho yake baba akalizungusha bati upya hadi mlango ukafunguka wote. Hapo Chiriku akasema, macho chini:

"Baba, nilitumwa nikuambie kuhusu ule mlango. Nikanyamaza ili uje mkutanoni."

Baba aliufunga mkasi wake.

"Mjumbe hauawi, mwanangu. Ungesema, ningenuna kidogo, basi. Ujumbe uliopewa si wako kuuficha, hata ukikuuma. Lakini usijibebeshe yote. Mimi nina macho, na mlango niliuona. Nilijiambia mashine ni mpya. Anayejenga asipomwachia nafasi atakayekuja kutengeneza, anayeumia ni mgonjwa kitandani."