Kichuguu chenye Kibendera

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Odessa alihesabu vichuguu uani. Jumatatu vilikuwa saba. Alhamisi vilikuwa tisa. Kiangazi kilichopita sisimizi wa moto walimuuma mjukuu wake Junie, koo likamvimba, nusura wampoteze. Na Junie alikuwa anarudi baada ya wiki sita.

Hollis, mumewe, aliwamwagia chenga kavu za mahindi. Pale Alabama wengi huamini sisimizi akizila hupasuka tumbo.

"Cha karibu na bembea nimekimaliza," Hollis alijisifu.

"Kimehamia ngazini. Baba wee, unawapa staftahi."

Odessa akamwita Lanelle, bibi shamba wa wilaya. Lanelle aliweka kipande cha kiazi cha kukaanga nyasini. Punde kikajaa sisimizi.

"Wana njaa, na nyasi ni kavu. Ndio wakati wa chambo chenye sumu," alisema. "Soma maandishi ya pakiti, usizidishe kipimo. Nyunyiza kando ya kichuguu, wala usikichokoe, watahama. Sumu watampelekea malkia wao wenyewe."

Kisha akachomeka kibendera chekundu penye kichuguu cha pembeni. "Hiki tusikiguse."

Odessa aliingiwa na hofu. "Mwanangu, mjukuu wangu nusura afe, nawe unawafuga?"

"Mama, vingine vikifa na hiki kikabaki hai, tutajua ni dawa. Tukivitia vyote dawa vikanyamaza, huenda ni jua tu lililowaua. Utamwacha mtoto acheze kwa kubahatisha?"

Odessa alinyunyiza chambo kando ya vile vinane. Kile cha kibendera alikizungushia waya, akakilinda wiki tano kama mahabusu.

Lanelle aliporudi, alichokoa kila kichuguu kwa kijiti. Vinane vilikuwa kimya. Kwenye kile cha kibendera, sisimizi walifurika wakapanda kijiti. Odessa alicheka huku machozi yakimtoka. Hakuwahi kufurahi hivyo kuwaona. Siku hiyohiyo wakakimaliza kwa dawa ya kumwagia, inayoua haraka.

Junie alifika akikimbilia bembea.

"Ngoja kwanza," Odessa alisema. Aliweka kipande cha kiazi nyasini, akaketi naye ngazini, sindano ya dharura ya mzio mfukoni. Dakika ishirini zilikuwa ndefu.

"Bibi, mbona hakuna anayekila?"

"Ndivyo nilivyotaka, mjukuu wangu. Haya, nenda. Viatu usivue."