Sahihi kwa Bata Mzinga

Mabinti mnaopenda vya bure, msikilizeni mama aliyevipenda kuliko ninyi.

Wiki ya sikukuu ya Shukrani, ambapo huku Marekani kila nyumba hula bata mzinga, foleni ya bata mzinga wa bure ilizunguka kanisa letu hadi uwanja wa besiboli wa mji. Mgawaji alikuwa kampuni ya Kessling. Binti yangu Odessa alikuwa mbele yangu, koti jekundu, kofia niliyomfumia mwenyewe, pua imeiva kwa baridi ya ziwani.

Mezani alisimama kijana mrefu, koti la buluu lenye jina la kampuni, glavu zimetoboka vidole.

"Karibu bibie. Saini hapa, ubebe bata wako."

"Bata anataka sahihi yangu ya nini? Tunajuana?" Odessa akamuuliza.

Kijana akacheka. "Karatasi ya shukrani tu hiyo."

"Umeisoma?"

"Dada yangu, nina bata mia sita hapa."

"Sijauliza bata. Nimeuliza karatasi."

Nyuma watu wakaanza kuguna. "Odessa, tunaganda!" nikamfokea. Nikampita, nikasaini, nikabeba bata mnono. Odessa akaondoka mikono mitupu, ila aliandika namba yake ya simu juu ya boksi moja la bata, akamwambia kijana: "Ukishaisoma, nipigie."

Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Ni mimi, Wendell. Wa bata."

"Umeisoma?"

"Hapana. Nimepiga tu."

Odessa akacheka mpaka nikazima redio nisikilize.

Kila Ijumaa wakawa wanakula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, vidole vinang'aa mafuta, wakibishana.

"Kwa nini Kessling wanatupa sisi vitu vya bure, Wendell?"

"Labda wana moyo mzuri."

"Labda. Mbona moyo wenyewe unatembea na wapiga picha?"

"Wewe hata ukipewa ua utauliza nani kalipanda."

"Na kwa nini kalipanda kwangu," akajibu, akimpangusa mafuta kidevuni.

Februari ikaja barua ya baraza la mji. Baraza litapiga kura kuwapa Kessling uwanja wa besiboli wajenge ghala, bila kodi kwa miaka ishirini, na barabara ya malori itajengwa kwa fedha za mji. Tena, wakazi mia sita wameunga mkono kwa sahihi zao. Majina yameambatishwa. Langu la kumi na moja.

Odessa akampigia Wendell.

"Ulijua?"

"Dessa, mpenzi, naapa sikujua..."

"Usiniite mpenzi. Umemsainisha mama yangu!"

"Sikuisoma."

"Miezi mitatu, Wendell! Nilikuomba kitu kimoja tu."

Akakata. Nilimkuta analia juu ya sinki. Ningemlaumuje kijana wa watu, na mimi pia sikusoma?

Siku ya kikao cha baraza kila mtu alipewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Wendell akainuka, amevaa lile koti la buluu. Odessa akakunja mikono, akatazama ukutani.

"Karatasi hizi niligawa mimi," akasema. "Niliwaambia watu ni shukrani. Wiki hii ndiyo nimezisoma." Meneja wake, mstari wa mbele, akamwashiria akae. Hakukaa. Akasoma herufi ndogo za chini: *naunga mkono uwanja kukabidhiwa kampuni*. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti cha meneja.

Nikasimama kuomba jina langu lifutwe. Jirani yangu akafuata. Mara foleni ikazunguka ukumbi kama ile ya bata. Kura ikaahirishwa, na mpaka leo hatujui itakuwaje.

Nje theluji ilikuwa inadondoka.

"Wamekufukuza?"

"Kwa simu. Hata mlango nilikuwa sijaufikia."

"Pole, mpenzi," Odessa akasema, akamvisha ile kofia niliyomfumia.

Sijui kama Kessling walitupenda hata kidogo. Bata alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Lakini rahisi ghali, wanangu.

Mwezi wa tano tulikuwa mbele ya karani, fomu ya ndoa mezani. Odessa akaisoma mstari kwa mstari, karani anagongagonga kalamu mezani.

"Na huku nyuma kumeandikwa nini?"

"Hakuna kitu," Wendell akasema. "Nimeshaisoma mara mbili."

Ndipo Odessa akasaini.