Simu ya Mtaalamu Ilivyomeza Sauti ya Bibi

Ndugu zangu, majirani, na wewe uliyeshika simu sasa hivi, nisikilizeni. Leo sipambi maneno.

Asubuhi za nyumba ya jirani yangu zilikuwa za raha. Bibi, mama mzaa mke, alikaa mlangoni akiwaita wajukuu waje kuchanwa nywele, kila mmoja kwa jina alilompa mwenyewe: Kifungo, Chiriku, na kitinda mimba, Bwana Mkubwa. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na watoto walikuja wakicheka.

Kisha mkwaruzo ukazidi. Daktari akasema kooni mna uvimbe mbaya, na bibi hatapona mpaka kisanduku cha sauti kitolewe. Ataishi, lakini hatasema tena. Akamwomba anyamaze hadi siku ya upasuaji, maana sauti iliyobaki ilikuwa kidogo mno.

Binti yake akalia mpaka akachoka, halafu akasema, "Basi tutamrekodi. Aseme na kila mjukuu, wamsikie hata wakiwa watu wazima." Yeye ana simu ya vibonyezo tu. Simu ya maana ni ya mumewe.

Sasa huyo mume! Ni fundi rangi, na mtaa mzima tunamwita Mtaalamu, wala si kwa heshima. Simu yake ina programu za tochi tatu, na simu yenyewe ilikuja na tochi. Ina dira, ya mtu anayejua njia mbili tu, ya kazini na ya nyumbani. Ina programu ya kujifunza gitaa, na gitaa hana. Ina ya kufuatilia mimba, na Bwana Mkubwa ameshang'oka meno! Ina mbili za kusafisha simu, ambazo hajawahi kuzifungua. Bado picha za maua zenye "asubuhi njema", kutoka kwa watu asiowajua. Ukimwambia apunguze, anavuta midomo: "Huwezi jua, siku moja itanifaa." Simu ikimwonya kwamba imejaa, anabonyeza "Sawa" na kuendelea na upuuzi wake.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, ifute hiyo simu. Kesho tunamrekodi mama."

"Ondoa shaka."

Kesho yake akamuuliza, "Umefuta?"

"Nimefuta! Mbona unanisumbua?"

Na kweli alifuta. Alichukua kitambaa cha kazini akafuta rangi kwenye kioo mpaka kikang'aa. Mpaka leo anaapa kwamba ndivyo alivyoelewa. Jamani! Kwani alitumwa kupangusa meza?

Alasiri tukakusanyika chumbani. Bibi alikuwa amenyamaza siku zote hizo, akiitunza sauti kwa ajili ya saa hiyo. Mtaalamu akashika simu kwa madaha kama mpiga picha wa harusi. Bibi akamwambia Kifungo asikionee haya kigugumizi chake, atakayempenda atamsubiri amalize. Akamsimulia Chiriku alivyozaliwa mvua ikinyesha, na nani alimpokea. Bwana Mkubwa akamwimbia wimbo aliombembelezea mama yake alipokuwa mchanga. Mimi nilisimama mlangoni, machozi yananitoka, wala sikuona haya.

Bibi alipokuwa ndiyo kwanza anaanza, niliona maandishi yametokea kwenye kioo, na kidole cha Mtaalamu kikayabonyeza yakaondoka. Nikanyamaza. Nilidhani anajua anachofanya. Si ndiye mtaalamu?

Bibi alipomaliza, sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. "Imeingia?" akanong'ona.

"Imeingia yote, mama!"

Akaifungua tusikie. Ikatoka sauti ya bibi, nzito, ile ile: "Haya. Nianze?" Kikafuata kikohozi. Basi.

Akarudia kufungua. "Haya. Nianze?"

"Mama, sema tena kidogo tu," akasema Mtaalamu, jasho linamtiririka. Bibi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mkewe akamgeukia. "Si ulisema umefuta?"

"Nilifuta kioo."

Nimesikia maneno ya kipumbavu maishani, lakini hayo sijayapatia mfano. Mke alimfunika mama yake shuka, akawatoa watoto nje.

Bibi alipasuliwa akapona, tunashukuru. Siku hizi akiwataka wajukuu anapiga makofi. Yule fundi alizifuta tochi zake zote, gitaa, dira na maua, na simu sasa ina nafasi tele isiyo na kazi. Bwana Mkubwa huiomba, akaiweka sikioni, akasikiliza yale maneno mawili. Kisha hujibu kwa upole, "Anza, bibi," na kusubiri.

FUNZO

Simu si jalala. Programu usiyoitumia iondoe leo, na picha zisizo na maana zifute. Futa ya kweli, si ya kitambaa. Onyo likitokea, lisome kabla ya kubonyeza. Na ukiulizwa kama umefanya jambo, hakikisha umelielewa ndipo ujibu. Ukishindwa na haya, usijiite mtaalamu, na tafadhali sana, usikubali kushikishwa simu siku ambayo mtu anasema maneno yake ya mwisho.