Neno la Ajuza wa Kenmore

Jumanne ile shule zilifungwa kwa theluji. Dada yangu Kostansia alikwenda kazini Kenmore, kwenye nyumba ya kutunza wazee, nami nikabaki nyumbani Buffalo na mwanawe Aline, wa miaka tisa. Tulikaanga viazi, tukacheza karata.

Katika chumba cha mwisho kule kazini kwake alilala ajuza mmoja wa Kizungu, kibogoyo, hana hata jino moja. Wote aliwasemesha kwa "you", kama Wamarekani wenzake. Ila mara mojamoja alimshika mtu mkono na kumwambia, "Bless thee." Hiyo thee ni "wewe" ya kale, ya Biblia za Kiingereza za zamani. Wazee wanne aliowabariki hivyo walikufa siku ya tatu. Wenzake dada walisema ni uzee tu. Dada yeye alihesabu siku.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, ajuza alimshika dada mkono.

"Bless thee."

Kule kambini Mtabila, tulipokuwa wakimbizi, marehemu mama alitufundisha: neno baya ulilopewa, mpe mwingine kabla jua halijazama, wala usiingie nalo nyumbani. Dada hakusita. Alimfuata mfanyakazi mwenzake Généreuse, Mkongo mpole aliyekuwa anavaa koti aende zake. Dada hakuwahi kumpenda, eti anajifanya mlokole kuliko watu. Akamkumbatia, akamnong'oneza, "Bless thee." Roho mbaya hiyo, nasema wazi ingawa ni dada yangu.

Généreuse alitokwa machozi ya furaha.

Saa kumi akagonga kwetu na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao Kongo. "Bon, leo Kostansia amenibariki," aliniambia. "Hajanisemeshaka muzuri vile. Nikasema nimuletee chakula." Kisha akamwinamia Aline, akamshika mashavu. "Bless thee, mtoto yangu."

Nikaitikia amina; habari za ajuza nilikuwa bado sijazisikia. Mungu anisamehe.

Desemba jua la Buffalo huzama mapema. Dada aliingia giza limeshatanda, anaimba. Akaonja sombe.

"Nani kaleta?"

"Auntie Généreuse," Aline alijibu. "She said bless thee. It's funny."

Kijiko kilianguka. Dada alimkamata mtoto mabega, akamgeuza kwangu.

"Mwambie huyu," alinong'ona. "Upesi. Mwambie mama mdogo."

Aline akaniambia, anacheka. Nami nikacheka. Dada alipokiri baadaye ndipo nilipoelewa alichotaka kunifanyia, mimi wa tumbo moja naye. Sijamsamehe. Nje, taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka.

Alhamisi Aline hakuamka. Hospitali walisema ni moyo.

Mimi na Généreuse ndio tuliomvika gauni la kanisani. Généreuse alikuwa analia, anaomba, hajui lolote. Nikajaribu kumfumba mtoto mdomo. Kidole kikagusa ufizi.

Nikatazama.

Hapakuwa na jino. Hata moja. Jumatano alitafuna tufaha mbele yangu. Sikuona damu wala kidonda. Ufizi ulikuwa umefunga, mgumu, kama wa mtu aliyepoteza meno miaka mingi iliyopita.