Ngitili ya Mzee Ngeleja

Karatasi ilimponyoka mwanamume mmoja katikati ya soko la Bariadi, ikapeperuka juu ya marobota ya mitumba, ikatua kwenye cherehani ya Nyanjige. Fundi huyo alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, tepu ya kupimia shingoni.

“Hii ni picha ya nini?” akauliza akiigeuza. “Mbona kama kaniki iliyopauka?”

“Ni misitu yenu, dada. Imepigwa kutoka juu, na setelaiti.”

“Basi mpiga picha wenu ana macho mabovu. Sioni hata mti mmoja.”

Mwanamume akacheka, akaketi kwenye benchi la wateja. Aliitwa Method, mtu wa Bukoba, ameletwa na mradi wa misitu. Alimweleza kwamba setelaiti ile haitazami kwa mwanga. Hutuma mawimbi yanayopenya hata mawingu, kisha huyapokea yakirudi. Penye miti hurudi mengi, picha ikawa nyeupe. Penye ardhi tupu hutoka nyeusi. Ukiweka picha ya zamani kando ya mpya, palipogeuka kutoka nyeupe kuwa nyeusi, miti imekatwa.

Tangu siku hiyo Method hakukosa suruali ya kupunguza, hata Nyanjige akamwonya kwamba kwa mwendo huo atavaa kaptula kanisani. Akisafiri, alipiga simu dukani kwa Salu, jirani wa pale sokoni, naye Salu akamwita Nyanjige kwa sauti ya kusikika soko zima. Wakapendana. Wakakubaliana kwamba Krismasi ya mwaka ule, 1998, Method angeleta wazee kuposa kwa baba yake Nyanjige, upande wa Migato.

Oktoba ilifika picha mpya. Method akailinganisha na ya zamani, akaona ngitili moja kubwa imekuwa nyeusi yote. Ngitili ni kipande cha miti na majani kinachofungwa mvua zinapoanza ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Akatafuta kwenye daftari ni ya nani. Ilikuwa ya Mzee Ngeleja, baba yake Nyanjige. Moyo ulimuuma, lakini alimwogopa Mungu, akaandika alichoamini kuwa kweli.

Taarifa ilipofika kijijini, mkutano uliitwa. Mzee Ngeleja aliwasihi waende ng'ambo ya mto wakaone wenyewe. Shigela, mwenyekiti, akajibu kwamba karatasi ya serikali haitembelewi, inasomwa. Watu waliogopa kunyang'anywa mradi kwa kosa la mmoja. Mzee akatengwa kwa desturi: asisalimiwe, asipewe moto, ng'ombe wake wasinywe na wa wengine.

Nyanjige alipiga simu kutoka kwa Salu.

“Method, umekwenda kuiona?”

“Picha haidanganyi, mpenzi. Ningefurahi idanganye.”

“Nimekuuliza kama umekwenda.”

Method akaanza tena kueleza habari za mawimbi. Nyanjige akakata simu.

Wiki mbili baadaye Method aligundua kwamba hata ngitili ya misheni, anayoipita kila Jumapili na miti yake imesimama, nayo ilikuwa nyeusi. Ndipo akasoma tarehe vizuri. Picha ya kwanza ilipigwa Machi, mvua zikinyesha. Ya pili Septemba, ngitili zimefunguliwa, ng'ombe wamemaliza majani, migunga imepukutika. Alikuwa ametazama miaka, hakutazama miezi. Akaagiza picha ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Ilipofika, zilifanana kama mapacha.

Akapanda baiskeli hadi kijijini, karatasi zote mbili kifuani.

Alimkuta Mzee Ngeleja amekaa juu ya gogo, shoka miguuni, viganja vimetoka malengelenge. Nyuma yake, hadi mtoni, migunga yote ilikuwa chini.

“Serikali ilisema imekatwa,” mzee alisema. “Nimechoka kubishana nayo, ng'wanawane, mwanangu.”

Jioni ile Method alisimama mkutanoni akaungama kosa lake, akionyesha picha. Hakuna aliyemzomea. Shigela akaondoa adhabu akitazama chini. Milembe, jirani, akaleta kaa la moto kwenye kigae, na mama yake Nyanjige akalipokea.

Asubuhi yake Nyanjige, aliyekuwa amerudi kwa wazazi wake tangu baba alipotengwa, alimsindikiza Method hadi barabarani.

“Nimekusamehe,” alisema. “Nimeomba siku tisa ndipo nikaweza.”

“Basi nilete wazee Krismasi?”

“Wazee wako baba atawapokea akitazama visiki?”

“Migunga huchipua, Nyanjige.”

“Miaka mingapi, hadi picha yako iione tena nyeupe?”

Method alifikiri, maana hakutaka kukosea tena. “Kumi. Labda kumi na miwili.”

“Na mimi nina ishirini na sita.”

Akampa mkono, kama anavyopewa mgeni anayekwenda mbali. Kisha akarudi kumsaidia baba yake kuzungushia visiki matawi ya miiba. Mvua zilikuwa karibu, na ngitili ilitakiwa kufungwa.